Matema kwa laki moja, mara ya pili

Mara ya kwanza nilikwenda Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa, sikukuu ya Pasaka, na nikarudi Mbeya kwa nauli ya kutumiwa. Laki moja niliyoipata kwenye mchezo wetu wa kina mama wa kupeana pesa pale Mwanjelwa iliyeyuka usiku mmoja. Aliyenitumia nauli ni dada yangu, na mpaka leo akitaka kunikomesha mbele za watu huniuliza tu, "Eti, bichi kulikuwaje?"

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kibarazani, na kuanzia Juni hadi Agosti nashona nimevaa koti na soksi mbili mbili, kwa hiyo hamu ya kukaa mahali penye joto na maji kwetu si anasa, ni kama ugonjwa. Ndugu zetu wa Dar hudhani mtu wa Mbeya akitaka ufuko lazima apande basi kutwa nzima aende kwao. Ufuko tunao. Unatoka Uyole, unapanda mpaka Isyonje kwenye ukungu, unapita Kiwira na Tukuyu kwenye migomba na chai, halafu gari linaanza kuteremka na watu wanaanza kuvua masweta mmoja mmoja. Ukifika Kyela umeshuka zaidi ya mita elfu moja. Mbele ya Kyela kuna Ziwa Nyasa, la tatu kwa ukubwa Afrika, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini, mchanga mbele, Milima ya Livingstone imesimama kando kama ukuta.

Pasaka ile nilimchukua mtoto wa dada, wakati huo yuko darasa la tano. Tulitakiwa kuondoka alfajiri, lakini nilikuwa na magauni mawili ya sikukuu ya watu na wenyewe wamekaa kwenye benchi wanasubiri. Tukatoka saa tano. Pale stendi ya Nanenane nikapanda Costa ambayo konda aliniapia inaondoka sasa hivi. "Sasa hivi" ikawa saa moja na nusu, mpaka ilipojaa. Kufika Kyela ni saa kumi, na mvua ya Aprili inashuka kama imefunguliwa bomba.

"Gari la Matema?" nikauliza.

"Limeondoka, mama. La mwisho hilo."

Hayo maneno matatu ndiyo yaliyonigharimu. Nyuma yake alisimama kijana wa Noah, mpole, mwenye mwavuli, akasema elfu thelathini anatupeleka mpaka mlangoni. Nikapanda. Tukafika Matema giza limeingia, nguo zimeshika mwilini, mtoto anatetemeka. Hoteli ya kwanza tuliyoiona taa zake ndiyo tuliyoingia. Vyumba vya bei ndogo vimejaa washarika waliokuja kusherehekea. Kilichobaki ni kimoja kinachotazama ziwa, elfu hamsini. Ziwa lenyewe usiku ule halikuonekana hata kidogo. Tukaagiza sahani moja ya wali na samaki tukala wawili, elfu sita. Nauli ya kuja ilikuwa elfu saba kila mtu, kwa sababu konda alisema mtoto akikalia siti amekuwa mtu mzima. Jumlisha. Ni laki moja kamili, haikuzidi wala kupungua; nilikaa kitandani nikahesabu mara mbili nikidhani kuna noti imejificha kwenye leso.

Asubuhi chai ilikuwa ndani ya bei ya chumba. Mtoto akaogelea mpaka saa nne. Mimi nilikaa kwenye mchanga nasubiri ujumbe wa simu.

Kwa miezi nilikuwa namsema yule kijana wa Noah. Kisha hasira ilipopoa nikaona hakuniibia. Angefanya nini, anipeleke bure? Ile hoteli nayo bei yake ilikuwa imebandikwa ukutani tangu zamani. Mimi ndiye niliyewafikia saa ambayo sina pa kwenda pengine, na mtu asiye na pa kwenda hapatani bei, anaambiwa tu. Magauni mawili yale yaliniingizia elfu ishirini na nne. Saa zilizopotea kwa kuyamalizia zilinitoa elfu themanini.

Nina mteja mmoja, mama wa Ipinda, huleta vitenge vyake kwangu akija Mbeya kuona wajukuu. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia mambo ambayo ningeyajua mapema ningekuwa nimenunua cherehani ya umeme.

La kwanza, lala Kyela mjini, usikimbilie ziwani. Gesti za Kyela hazikujengwa kwa ajili ya watalii. Zimejengwa kwa ajili ya wanaofuata mchele, wanaofuata kakao na wanaokwenda Kasumulu kuvuka kwenda Malawi. Mfanyabiashara wa mchele hakubali chumba cha elfu hamsini hata kama dirishani kuna bahari. Anataka kitanda, neti, ndoo ya maji na mlango unaofunga. Kwa hiyo bei za mji ule ni bei za watu wanaojua kuhesabu.

La pili, gari hufuata soko. Jumamosi ndiyo siku ya mnada wa vyungu pale Lyulilo, jirani na Matema, na siku hiyo magari yanaanza kwenda kabla jua halijachomoza na kurudi yanarudi. Siku nyingine unategemea bahati yako.

La tatu sitalisahau: "Usiulize bei ya chumba ukiwa na begi mgongoni na mtoto mkononi. Ukiulizwa 'unakaa siku ngapi' umeshakubali."

Tukaenda tena Septemba ya mwaka uliofuata, mvua zimekwisha, siku ya Ijumaa, gari la saa kumi na mbili asubuhi. Laki moja ileile. Mteja mmoja alikuja jana yake usiku na suti ya harusi ya kupunguza kiuno, nikamwambia Jumatatu. Akanuna. Mpaka leo ni mteja wangu.

Tulifika Kyela saa nne na nusu. Mtoto na begi nikawaacha kwa mama wa chai pale stendi, nikanunua chai mbili na chapati ili tusiwe wageni wa bure, nikazunguka mwenyewe mikono mitupu. Gesti ya kwanza elfu ishirini, ya pili elfu kumi na tano, ya tatu, nyuma ya soko, elfu kumi na mbili. Mama mwenye gesti alinifungulia chumba, mimi nikakagua kama ninavyokagua kitambaa: godoro, komeo, choo, mwisho neti. Neti ilikuwa na tundu la kuingia ngumi.

Kyela si mahali pa kulalia neti yenye tundu. Joto lile na maji yale ya mashamba ya mpunga, mbu wake ni wa uhakika, na malaria nayo. Mama akasema atabadilisha kesho. Nikamwambia asisumbuke, ila anipunguzie elfu mbili. Tukabaki palepale kwenye kumi na mbili, akaongeza ndoo ya pili ya maji. Mimi sitembei bila sindano. Nikatoa uzi mweupe, mtoto akanimulikia kwa simu. Neti haivutwi ukingo kwa ukingo kama nguo iliyochanika, ukifanya hivyo inachanika pembeni yake. Unakamata vile vishimo vidogo vyenyewe, kimoja cha huku kimoja cha kule, unazunguka tundu kama unafunga mdomo wa mfuko, kisha unavuta polepole. Dakika kumi. Mama mwenye gesti alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Akaondoka bila kusema kitu, akarudi na neti nyingine mbili begani.

Nilizishona. Kwani ningefanyaje. Asubuhi yake alitupatia chai.

Mchana ule na jioni tuliutembea mji, na naweza kusema kwamba kutembea Kyela ni bure ukijua kukataa. Ukiingia sokoni mchele unakufuata kwa harufu. Kule Mbeya kila mchele ni wa Kyela ukimsikiliza muuzaji, hata uliotoka Usangu juzi. Hapa huulizi unatoka wapi, unauliza ni wa msimu gani. Nilitamani kubeba kilo kumi nikauze kwa majirani nirudishe nauli. Nikapiga hesabu nikaacha: faida yote angeila konda kwa jina la mzigo. Watu hufanya biashara hiyo kwa magunia, si kwa mfuko wa begani.

Pembeni ya mji, kakao imeanikwa juu ya mikeka na maturubai, kahawia, na harufu yake si ya chokoleti hata kidogo, ni ya kitu kilichochacha, kama siki. Kakao nyingi ya nchi hii hutoka wilaya hii. Mtoto wangu alidhani kakao huzaliwa kwenye kopo. Kijana mmoja aliyekuwa anageuza mbegu kwa reki akampasulia tunda, akampa zile mbegu zenye utando mweupe anyonye. Alinyonya, akanyamaza, akaniangalia kama nilikuwa namficha kitu miaka yote.

"Mama mdogo, kumbe ni tamu?"

"Nyonya, usitafune."

Akatafuna. Alitema njia nzima mpaka gesti.

Jioni joto linapotulia watu wanatoka nje. Baiskeli zimebeba akina mama upande upande, mishikaki inafuka, redio kila duka na wimbo wake. Wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mto Songwe walikuwa wanapatana bei ya vitenge na wenyeji, na hakuna aliyehitaji mkalimani, kwa sababu Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku lugha zao ni ndugu wa tumbo moja. Mimi ni Msafwa, Kinyakyusa changu hakijazi kiganja. Ninajua kusema "ndaga fijo", yaani asante sana, na nilisema kila nilipopewa kitu. Halikunishushia bei hata shilingi moja, ila mara mbili liliniletea kigoda.

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa stendi. Gari lilikuwa la watu wa mnada: masusu, mabeseni, kuku wawili chini ya siti, na mimi na begi langu dogo nikaonekana wa ajabu. Elfu nne kila mtu. Zamani, mama wa Ipinda alikuwa ameniambia, njia hii wakati wa masika ilikuwa tope la kushuka na kusukuma. Sasa kuna lami kutoka Kikusya kupita Ipinda mpaka Matema. Kulia na kushoto mpunga ulishavunwa, mashina yamebaki. Kisha milima ikatokea yote kwa pamoja, upande wa mashariki, jua liko nyuma yake.

Mnada wa Lyulilo unakaa palepale ufukweni. Vyungu hufinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwa mkono, na huja kwa mitumbwi kwa kufuata ukingo wa ziwa, vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Mitumbwi kuja asubuhi kuna sababu yake. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita mia tano na upepo mkubwa wake hutoka kusini, wenyeji wanauita mwera. Ukianza kuvuma, mawimbi yote ya safari hiyo yanakuja kuishia hapa kaskazini, miguuni pako. Alfajiri maji yalikuwa kama yamepigwa pasi. Saa nane mchana yalikuwa yanapiga ufuko kwa hasira, na aliyekuwa hajafika alikuwa hafiki tena.

Nilichagua chungu cha ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga mwenye afya. Mama aliyekiuza alinizuia nisilipe kwanza. Akakiweka juu ya kiganja cha kushoto, vidole vimefunguka, hakikushikwa na kitu, akakigonga na fundo la kidole. Kikalia: *ngii*, kama kengele ya mbali. Akachukua kingine kinachofanana nacho kabisa, akagonga: *kto*. Akakiweka pembeni, akaninong'oneza, "Hiki ni cha maua." Nikashika mwenyewe, nikagonga vinane au tisa, na baada ya hapo nisingeweza kudanganywa tena. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotazamia, ukuta wake mwembamba kama ganda. Elfu tano. Akaniagiza mara ya kwanza nisipike kitu kikavu, nipike uji kwanza, moto mdogo, uji unywewe na udongo.

Chumba tulipata ndani ya kijiji, nyuma ya miembe, elfu kumi na tano. Mpaka kwenye maji ni mwendo wa dakika nne. Ile hoteli yetu ya Pasaka niliiona kwa mbali, nikaipungia mkono moyoni.

Kuhusu kuogelea, watu wa gesti hawatakuambia usipouliza, basi uliza. Maji ya Nyasa ni maangavu lakini kichocho kipo, na konokono wake mara nyingi hukaa kwenye majani na maji yaliyotulia. Sisi tuliingia penye mchanga mtupu na wimbi, ambako wavuvi wenyewe huoga, tukakaa mbali na mdomo wa mto Lufilyo kwa sababu nyingine yenye meno. Wiki nane baadaye nikampeleka mtoto zahanati akapimwe. Majibu yalitoka salama, lakini ningetoka na majibu mengine angepewa dawa na mambo yangeisha. Kosa ni kukaa nacho miaka bila kujua.

Samaki nilijifunza kumnunua kwa wavuvi, si kwenye sahani. Asubuhi mitumbwi ikirudi unachagua mbasa wako angali anang'aa, unampelekea mama lishe, unamlipa mafuta na moto na wali. Tulishiba wawili kwa elfu saba, tukabakiza kichwa. Usiku wavuvi wa usipa, dagaa wa Nyasa, walikuwa ziwani na taa zao, nyingi, zimejipanga kwenye giza, na mtoto aliniuliza ule ni mji gani ng'ambo. Nikamwambia si mji. Hakuniamini mpaka taa moja ilipoanza kusogea.

Jumapili saa tatu asubuhi tulipanda gari la kwanza la kurudi, tukiacha ziwa bado tamu, na hapo ndipo panapouma. Mtoto alilia. Palikuwa na gari la saa nane, kila mtu alisema lipo, lakini nilishawahi kuambiwa habari za magari.

Kyela konda wa Costa akakiona chungu. "Mama, mzigo huo elfu mbili."

"Mzigo upi? Nimempakata."

"Kinachukua nafasi."

"Kinachukua nafasi yangu mimi, na nafasi yangu nimeilipia."

Abiria wakaingilia, mzee mmoja akasema kama chungu kinalipa basi na tumbo la konda lilipe, watu wakacheka, tukaafikiana buku. Nikampa. Mfukoni zilibaki elfu tano na senti, na za bajaji kutoka Uyole zimo humohumo.

Tukapanda Tukuyu, mvua ndogo. Kiwira madirisha yakafungwa. Isyonje ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama ng'ombe, na gari zima likaanza kurudisha masweta mwilini. La mtoto lilikuwa limefungiwa chungu. Nikalifungua taratibu nikamvika, na chungu nikakiegemeza kifuani kwangu ndani ya koti, kikiwa kitupu na kimetulia, kila gari lilipopita shimo kinatoa ile sauti yake ndogo.